Gari Nne za Kizuka

Mume wangu alifariki Jumatatu asubuhi, akaniachia gari nne zilizotumika, banda la mabati pale Malindi, na ndugu yake. Katika vitu hivyo vyote, ndugu yake ndiye aliyekuwa mzito kuwaka.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Watu wengi walikuwa wakisafiri, wengine kwa kupenda na wengine kwa kutopenda, na msafiri hawezi kutia gari ndani ya sanduku. Mume wangu alizinunua gari hizo, akazitengeneza bandani, akaziuza. Sisi tulikaa ghorofani, juu ya banda, na dirisha la jiko langu lilikuwa juu ya pale gari zinapowashwa. Kwa miaka tisa nilipika nikisikiliza injini. Sikushika usukani hata siku moja, lakini niliweza kuijua gari iliyokwisha klachi kabla ya wali kukauka. Mume wangu akiniita kutoka chini, "Hiyo vipi?" nami humjibu, "Mbovu, mrudishie mwenyewe." Hatukujaaliwa mtoto. Nilimpenda sana yule mtu, na mpaka leo nina hasira naye kwa kuondoka bila ya kuniaga.

Lazima nieleze namna gari ilivyokuwa ikiuzwa kwetu, maana bila ya hilo hutaelewa upumbavu wangu. Muuzaji hutaja bei ambayo yeye mwenyewe haiamini. Mnunuzi hushika kifua, humwita Mola wake, huondoka mpaka kwenye kona, kisha hurudi kuulizia hali za watoto. Siku ya pili hupita akatukana tairi. Siku ya tatu hukaa akanywa kahawa, na hapo ndipo bei inapoanza kusogea kweli. Gari iliyouzwa siku moja ilitiliwa shaka na mtaa mzima. Kila mtu aliyajua hayo, na mimi niliyajua kuliko wengi.

Baada ya hitima shemeji yangu alikuja. Alikaa upande wa pili wa pazia, akakohoa mara tatu, nikajua ana jambo. Ng'ambo ya njia yetu palikuwa na mfanyabiashara mwingine wa gari, mtu wa makamo, mwenye tumbo na ulimi mtamu. Miaka yote hiyo yeye na mume wangu walishindana kwa bei mchana na wakasali safu moja magharibi.

"Shemeji, mie nshafikiri," alisema. "Jirani yuko tayari kuzichukua gari zote nne kwa jumla, elfu sita taslimu. Na banda atalichukua vilevile. Weye ukitoka eda utakwenda kwa kaka yako Bububu, upumzike."

Mke wa kaka yangu nilikuwa namjua. Mkono wa birika. Sukari aliifungia kabatini na ufunguo akalala nao. Kupumzika nyumbani kwake maana yake ni kukuna nazi za watu tisa asubuhi na jioni.

"Elfu sita kwa gari nne?" nikasema. "Kwani anazinunua kwa ratili?"

Kwa sheria robo ya kila kitu ilikuwa yangu na iliyobaki yake, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake, na sote wawili tulijua.

"Nipe muda wa eda yangu," nikamwambia. "Gari nitaziuza mie. Nikipata zaidi ya elfu sita, hisa yako ya banda uniuzie mie, usimuuzie yeye. Nikishindwa, nnakwenda Bububu na wala hutonisikia."

"Utauza vipi na weye kizuka?"

Lilikuwa swali la haki. Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mume, naye hukaa eda, yaani hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai rangi, hajitii manukato, hatoki mlangoni, haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Nikamwambia aniachie mwenyewe. Alikubali upesi sana, nikajua ananiona nishashindwa.

Nikapeleka swali kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Jibu likaja kwamba kuuza kutoka nyuma ya dirisha kunajuzu, mradi nisilegeze sauti. Fundi wetu alipoambiwa hivyo akasema kwa sauti yangu hakuna wasiwasi.

Huyu fundi alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mkaazi wa mitaa ya Ng'ambo, mwenye mikono mikubwa na ila moja tu kwa kazi yetu: hakuweza kusema uongo. Mteja akimuuliza kama gari nzima, humtajia mpaka skrubu inayokosekana. Mume wangu alikuwa akimtuma kununua sigara kila mteja akiingia. Mimi sikuwa na mtu mwingine, basi yeye akawa chini na mimi juu.

Gari ya kwanza niliyoitoa ilikuwa nyeupe, ya milango minne, iliyokuwa ya daktari mmoja. Nikaipa bei ya elfu tatu na mia mbili, nikijua itaangukia kama elfu mbili na mia nne baada ya siku tatu za kutukana tairi. Jirani alikuwa nayo ya namna hiyo hiyo kwa elfu tatu. Siku ya pili mteja akaja chini ya dirisha.

"Assalamu alaykum, Bibi. Poleni na msiba."

"Waalaykumu salaam. Tushapoa."

"Gari nzuri hii. Bei gani?"

Nikataja, kisha nikaweka jicho kwenye upenyo wa dirisha nimwone akishika kifua. Hakushika. Aliinamisha kichwa.

"Naam. Basi, Bibi, Mungu akupe subira."

Akaondoka. Nikamtazama mpaka kwenye kona, nikingojea ageuke. Alipita kona, akaenda zake moja kwa moja.

Akaja wa pili, akaja wa tatu, na wote ni hivyo hivyo: pole, bei gani, Mungu akupe subira. Nikashusha mpaka elfu tatu. Nikashusha tena, na tena, nikafika elfu mbili na mia saba. Kila nikishusha ndivyo wanavyozidi kuondoka kwa adabu. Mwezi ukaisha, sijauza hata kifuniko cha radieta, na subira niliyopewa ingetosha mitaa mitatu.

Mgeni wangu wa kila Ijumaa alikuwa mke wa jirani. Usishangae. Alikuwa mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usiokuwa na kufuli, na kizuka hutembelewa na kila mtu. Alikuja na sambusa na habari. Mume wangu maisha yake yote alikuwa akituma watu wajifanye wateja ili ajue jirani anauza kwa kiasi gani hasa, si bei za mdomoni. Mimi nilizipata habari hizo nimekaa kwenye mkeka. Mara nyingine alinitajia bei yenyewe. Asipoijua, nilimuuliza tu, "Bwana kala nini jana?" Mumewe akiuza vizuri alikula sahani mbili za wali. Akiuza kwa hasara alisema tumbo linamsokota na akaomba uji. Baada ya wiki tano niliweza kuisoma biashara yake kwa sahani.

Ijumaa ya sita nikamlalamikia kwamba wateja wangu hawataki hata kuzungumza.

"Ah, hiyo ni heshima, shoga!" akasema kwa furaha. "Mume wangu ndiye anayekulinda. Kila jioni pale baraza ya kahawa anawaambia watu, mtu mwenye haya zake hapatani bei na kizuka. Akitajiwa, alipe au aende zake. Ati kumwomba mwanamke punguzo naye yumo edani ni sawa na kumpokonya sahani. Watu wote wamemsifu."

Moto ulinipanda kichwani mpaka masikio yakaniwaka. Nikamwongeza chai.

"Mwambie nnamshukuru sana," nikasema.

Alipoondoka nikatia uso kwenye mto nikacheka, kwa sababu kizuka akisikika anacheka mtaa mzima utazungumza. Nilicheka kwa hasira. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa ya kweli. Hata mimi, ningemwona kaka yangu anapatana bei na kizuka, ningemvua kofia hadharani nimwaibishe. Jirani hakubuni kitu. Aliwakumbusha watu adabu yao, basi, na biashara yangu ikafa kwa adabu. Lakini mjinga mkubwa alikuwa mimi. Mwezi mzima nilikuwa nikitaja bei za kupatana kwa watu wasioweza kupatana.

Kesho yake nikamwita fundi chini ya dirisha. Gari ya jirani iliyofanana na ile nyeupe ilikuwa imeuzwa wiki ile, na siku ile bwana alikula sahani moja na nusu. Kwa hesabu zangu hiyo ni elfu mbili na mia nne.

"Chukua chaki," nikamwambia. "Andika kwenye kioo cha mbele elfu mbili, mia tatu na hamsini."

"Ndiyo bei ya kuanzia, Mama?"

"Ya kuanzia na ya kumalizia."

Fundi akasimama na chaki mkononi. "Watu watasema tumechanganyikiwa."

Walisema. Watu walikuja kutoka mpaka Mkunazini kuitazama gari iliyoandikwa bei. Mzee mmoja akauliza kama ni mnada wa serikali. Lakini karani mmoja wa bandarini, aliyekuwa akiitamani gari ile tangu ilipokuwa ya daktari, akasoma, akasoma tena, akahesabu noti zake, akalipa. Yote haya hayakuchukua robo saa.

Kesho yake asubuhi karani akarudi, uso umemshuka. Nikadhani injini imekufa.

"Gari haina neno, Bibi," akasema. "Lakini sikulala. Nimenunua gari na sikupatana."

Alikuwa na huzuni ya kweli, maskini. Nikamwambia kwamba bei ya gari ishakwisha, lakini lipo tairi la akiba lisilokuwa katika mauzo, na hilo ni la fundi, si la kizuka. Anaweza kupatana naye. Karani akakunja mikono ya shati. Fundi akaanza kwa kusema kwamba tairi lenyewe halifai hata kufanyia bembea. Karani, aliyekuja kulitukana, akajikuta analitetea. Walibishana saa mbili, fundi akilishusha thamani na mnunuzi akilipandisha, na mwisho karani akalipa shilingi kumi na tano kwa tairi ambalo tungelitupa. Aliondoka akipiga mluzi.

Jirani hakukaa kimya. Naye aliandika bei kwenye vioo vya gari zake, na kwa rangi, si kwa chaki, na kila bei ilikuwa chini ya yangu kwa mia. Roho ilinishtuka, nakiri. Lakini yeye hakuwa kizuka. Wateja walikwenda kwake, wakaisoma bei iliyoandikwa, na kuanzia hapo ndipo wakaanza kushika vifua. Hakuna aliyemwonea haya. Ijumaa ile mkewe aliniambia kwamba bwana anakula uji tangu Jumapili.

Gari ya pili na ya tatu zikauzika, na zote tatu pamoja zikanipa elfu tano na mia tatu. Ikabaki moja, ya kijivu. Gari hiyo mume wangu alipoileta mara ya kwanza nilimwambia airudishe, na hakunisikiliza. Gia yake ya pili ilikuwa ikinguruma mpaka sufuria zangu zikitikisika. Ili nipite elfu sita nilihitaji zaidi ya mia saba, na ilikuwa haifikii hata hiyo. Niliandika mia saba na hamsini, nikajikaza kisabuni. Kila mteja alimuuliza fundi, na kila mteja akajibiwa, "Gia ya pili mbovu, na ya tatu inafikiria." Zikabaki wiki tatu, zikabaki mbili. Nilianza kuota nazi.

Ijumaa ya mwisho, eda yangu ikiwa inakwisha Alhamisi, mke wa jirani aliingia amechangamka.

"Tumepata neema, shoga. Kuna mfanyabiashara wa mbata wa Kendwa, kaipenda ile gari yenu ya kijivu. Mume wangu kashapokea arubuni yake tangu mwezi wa mwanzo, maana shemeji yako alimwambia gari zote zitakuwa zake. Bwana alitaka kungoja eda yako iishe, lakini mwenyewe hangoji, anakuja Jumatano kuichukua. Elfu moja na mia nne."

Nikamwomba aniambie tena pole pole, kwamba sikusikia vizuri. Akaniambia tena.

Hata hatua zake hazijaisha ngazini, nikamwita fundi. Nikamwambia afute mia saba na hamsini na aandike elfu moja na mia tatu.

"Mama!" akasema. "Na gia?"

"Gia uitengeneze, sasa inalipa. Ile giaboksi ya akiba iliyoko nyuma ya banda ifungue, utoe kila kinachofaa. Ukimaliza, iwashe nisikie."

Nilikuwa na hasira na mtu mmoja, si na Kendwa nzima. Fundi alifanya kazi siku mbili na nusu. Jumatatu adhuhuri aliiwasha, akatia gia ya pili, akaenda mbele na nyuma, na sufuria hazikutikisika. Nikapiga kofi kwenye dirisha kumwonyesha kwamba basi, inatosha.

Jumanne baada ya alasiri jirani akavuka njia. Kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Watu wa baraza ya kahawa walimwona, wakaja nyuma yake na vikombe vyao, na karani wa bandarini alikuwemo.

"Assalamu alaykum, Bibi."

"Waalaykumu salaam, jirani. Za nyumbani?"

"Njema." Akaizunguka gari. "Mwezi mzima nnaiona hii imeandikwa mia saba na hamsini. Leo naona elfu moja na mia tatu."

"Naam. Ishatengenezwa."

Kupitia kwenye upenyo nikaona mkono wake wa kulia unapanda taratibu kuelekea kifuani. Sidhani kama alijua kwamba unapanda. Watu wa baraza waliacha kunywa.

"Bwana," karani akasema, "kizuka huyo."

Mkono ukasimama, kisha ukajifanya unafunga kifungo cha kanzu.

"Kwani nimesema kitu?"

"Hujasema. Tunakukumbusha tu, kwa sababu ndiye weye uliyetufunza."

Jirani akamgeukia fundi, na nikayaona matumaini yanarudi usoni mwake, kwa sababu mji mzima ulimjua fundi.

"Niambie kweli, fundi. Gari hii nzima?"

"Ilikuwa mbovu gia," fundi akajibu. "Sasa nzima. Breki ya mkono uivute kwa nguvu."

Miaka yote ile ukweli wa fundi ulikuwa ukitutia hasara, na leo ndiyo kwanza unatutia faida. Jirani aliitazama gari, akalitazama dirisha langu, akaitazama njia ya Bububu ambayo kesho yule mtu wa Kendwa angeipita. Nilimwona anahesabu. Kama si kupatana, angebaki na mia moja ya faida. Angepatana, angeniangusha mpaka mia nane. Lakini asingepatana. Mbele ya watu wale, hata kwa kufa.

"Jirani," nikasema, bila ya kulegeza sauti, "kama bei inakuelemea, si lazima. Mungu akupe subira."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mtu mmoja alimwaga kahawa juu ya kanzu ya mwenziwe. Jirani akatoa noti, akazihesabu pole pole, na fundi akazitia kwenye kikapu changu cha kamba, nikazivuta juu. Kwa haki yake niseme kwamba alilipa bila ya kukunja uso. Mkewe alinihadithia baadaye kwamba siku ile hakutaka hata uji.

Alhamisi nikatoka eda. Jumamosi asubuhi shemeji akaja. Safari hii hapakuwa na pazia. Nilikaa mbele yake na buibui langu, uso wazi, na fedha nimeziweka mezani. Elfu sita na mia sita. Alizihesabu mara mbili, na mara ya pili polepole zaidi.

"Umenishinda, shemeji," akasema. "Neno langu ni lile lile. Hisa yangu ya banda ntakuuzia weye."

"Bei gani?"

"Elfu tatu."

Kwa mabati yale yanayovuja! Nikashika kifua. Nikamwita Mola wangu. Nikamuuliza kama anauza banda au msikiti. Nikamwambia elfu moja na mia mbili, tena kwa kumwonea huruma. Akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaniulizia hali ya kaka yangu. Nikayatukana mabati, akazisifu nguzo. Akashuka ngazi mpaka chini, nikamwacha ashuke, akapanda tena akihema. Tulifika mimi elfu moja na mia nane, yeye elfu mbili na mia tano, na hapo akapiga meza kwa kiganja.

"Haiwezekani," akasema. "Hupati kwa bei hiyo. Wacha mchezo."

Na mimi nikaanza kulia.

Miezi minne na siku kumi kila mtu alikuwa akinikubalia. Nikisema kitu waliinamisha kichwa, wakazungumza chini chini, wakaondoka. Hapakuwa na hata mmoja aliyeniambia hapana. Mume wangu alikuwa akiniambia hapana kutwa mara ishirini: samaki wa ghali huyo, pazia hilo baya, wewe huijui gari. Shemeji alikuwa na sauti ile ile ya kwao, na aliponikatalia vile nilielewa kwamba mume wangu amekufa. Nililia kilio ambacho sikukilia hata siku lilipotoka jeneza, mabega yakitikisika, kamasi zikinitoka, sijali.

Shemeji alinitazama kwa makini. Akaegemea kiti, akakunja mikono.

"Machozi hayashushi bei, shemeji," akasema. "Elfu mbili na mia tano. Senti haipungui."

Nikajifuta pua kwa ncha ya buibui, nikamwongeza hamsini.